Jiko la Kamachumu

Maneno yale Kokugonza aliyasikia mara moja tu, tena nusunusu, huku amebana pini mdomoni. Lakini yalimkaa kama mbegu ya pera kwenye jino. Unaigusa kwa ulimi, unaiacha, unaigusa tena.

"Wanasema lile jiko la Kamachumu lina mwenyewe."

Aliyeyaleta ni Annastella, rafiki yake anayeuza vitambaa kwenye fremu ya jirani hapo Bilele, Bukoba mjini. Kwao ni Kamachumu. Alikwenda msibani, akarudi na maneno.

Kokugonza alitoa pini mdomoni. "Nani anasema?"

"Watu."

"Watu gani, Annastella? Watu wa kwenu hawana majina?"

"Koku, mimi nilikuwa namenya ndizi msibani. Mtu anayemenya ndizi anasikia kwa masikio, hageuki geuki kuangalia nani kasema."

"Na huyo mwenyewe ni nani?"

"Hawakumtaja. Walisema tu Gozbert anamjengea mtu jiko la kisasa, na huyo mtu si wa Bilele."

Kokugonza akacheka. "Basi ni mimi. Mimi si wa Bilele, mimi ni wa Rubafu. Hapa nimepanga tu."

Annastella hakucheka. Alichukua gora lake la kitambaa akarudi kwenye fremu yake, na kile kicheko cha Koku kikabaki chumbani peke yake, hakina mwenzake.

Kokugonza alikuwa fundi wa mapazia. Wanawake wa Bukoba walimjua kwa jicho lake. Ukimletea rangi ya ukuta wako kwenye simu, anakutajia pazia kabla hujakaa. Gozbert naye alimjulia hapo hapo, alipokuja na suruali iliyofumuka mshono, akakaa mpaka jioni suruali ikiwa imeshakwisha zamani. Alikuwa mpole, sauti yake ya chini, na alikuwa akimwangalia mtu kana kwamba hana haraka ya kwenda popote. Tangu hapo wakawa wapenzi. Gozbert alifanya kazi ya kusafirisha mizigo Mwanza, na kwao Kamachumu, kwenye kibanja cha migomba cha marehemu baba yake, alikuwa anajenga.

"Koku," alimwambia kwa simu ilipofika zamu ya jiko, "mimi macho yangu yamezoea magunia. Wewe nichagulie. Makabati, jiwe la kaunta, marumaru za ukutani, vyote."

"Si twende wote niione nyumba?"

"Hapana, mpenzi. Nataka uione imekwisha. Nitakuwa nakutumia picha."

Binti gani asingefurahi? Mwanaume anakwambia chagua jiko. Kwa kichwa cha Kokugonza, na kwa kichwa cha msichana yeyote wa kwetu, hiyo ilikuwa ni posa tosha. Hakujiuliza kwa nini picha zinakuja na yeye haendi.

Akaanza kuzunguka madukani. Gozbert alitaka jiwe jeusi na makabati ya kahawia iliyokolea, kwa sababu aliyaona kwenye nyumba ya bosi wake.

"Utapika gizani," Koku alimwambia. "Dirisha lako linaangalia migomba. Mwanga unaoingia pale umeshapita kwenye majani, ni wa kijani kijani. Ukiweka weusi juu ya weusi, mchana kutwa utawasha taa."

"Sasa tuweke nini?"

"Makabati yawe rangi ya maziwa. Halafu jiwe niachie mimi."

Muuza mawe aliitwa Shaban, mtu wa utani mwingi. Kokugonza alifika dukani kwake na kipande cha mbao kilichopakwa ile rangi ya maziwa, akawa anakilaza juu ya kila jiwe, anatoka nacho nje juani, anarudi nacho ndani kivulini.

"Dada," Shaban akasema, "unachagua jiwe kama unachagua mume."

"Mume nimeshachagua. Jiwe ndilo linanisumbua."

"Angekusumbua mume, jiwe lingekuwa rahisi. Chukua hili lenye maua, na marumaru hizi zenye maua, mambo yang'ae!"

"Vyote viwili vikiwa na maua vitapigana. Kama jiwe linaongea, ukuta unyamaze."

Akachagua graniti ya kijivu yenye vidoa vya kahawia, vidogo vidogo, kama kahawa iliyomwagika uani kabla haijakauka. Vile vidoa ndivyo vilivyounganisha jiwe na kishikio cha kahawia cha kila kabati. Juu ya sinki akataka marumaru nyeupe tupu, zisizo na hata mstari. Shaban alimpa kipande kidogo cha lile jiwe, ukubwa wa kiganja, akakitia mkobani.

Kipande kile alikiweka dirishani kwenye chumba chake cha kupanga. Jioni akirudi anakitazama. Alikuwa na sahani moja, kikombe kimoja, na kijiko kimoja kilichopinda. Anakula ameketi ukingoni mwa kitanda, jiwe linamwangalia. Akawa analiweka pembeni mwa sahani kuona ugali utakavyokaa juu yake. Simu ikiita anaruka.

"Marumaru zimefika?" Gozbert anauliza.

"Zimefika dukani. Umekula?"

"Nimekula. Mwambie seremala vishikio vya makabati visiwe vya dhahabu."

"Nimemwambia. Umenikumbuka?"

"Sana. Na sinki je?"

Zamani walikuwa wakiongea mpaka sikio linauma. Siku hizi mapenzi yao yote yalikuwa makabati, na yeye hakuona yalivyogeuka.

Mama yake ndiye aliyeona. Alimpigia kutoka Rubafu. "Koku, huyo kijana anakuja lini kwetu?"

"Mama, nyumba kwanza."

"Nyumba kwanza? Tangu lini? Baba yako alipaka chokaa sebule tangu msimu wa senene uliopita, anamsubiri mtu aje ajitambulishe. Chokaa sasa inabanduka."

"Mama jamani, amenikabidhi jiko lake!"

"Amekukabidhi jiko. Sisi bado hajatukabidhi hata salamu."

Koku alikasirika siku hiyo. Lakini yalipokuja yale maneno ya Annastella, la mama nalo likaamka, yakawa mawili kwenye jino moja. Akavumilia. Akashindwa. Asubuhi moja alifunga cherehani, akavaa gauni lake la kanisani, akaenda Kamachumu bila kumwambia mtu.

Alikuta ukungu bado haujaondoka kwenye migomba. Nyumba ilikuwa nzuri, bati la rangi ya damu ya mzee, na uani palikuwa pameanikwa kahawa. Mama yake Gozbert, Ma Alistidia, alikuwa anaigeuza kahawa kwa mguu, polepole. Kokugonza alipiga magoti akamsalimu kwa Kihaya kama inavyotakiwa.

"Kasinge waitu," yule mama akajibu, akimtazama kwa upole. "Wewe utakuwa yule fundi wa mapazia. Gozbert alisema utakuja kupima madirisha."

Kokugonza alibaki pale pale chini, magoti kwenye udongo. Fundi wa mapazia.

"Ndiyo, Ma," akasema, maana hakupata neno lingine.

"Kaa basi, upumzike." Ma Alistidia akaingia ndani mwenyewe, akarudi na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akamnyooshea kwa mikono miwili. Alimpa heshima yote. Na hiyo heshima ndiyo iliyomchoma. Kwetu mgeni ndiye anayeletewa kikapu. Mtoto wa nyumbani, au yule anayetarajiwa kuwa wa nyumbani, anaambiwa, nenda ndani kalete. Kokugonza alikuwa amengoja miezi yote hiyo kuambiwa na mama huyu, nenda ndani kalete. Akachukua punje moja. Ilikuwa chungu, akaitafuna yote.

"Madirisha ya jikoni yako nyuma huko," Ma Alistidia akasema. "Fundi yupo, atakufungulia."

Jikoni alimkuta fundi Protase anafuta vumbi jeupe kwenye marumaru. Kokugonza akasimama mlangoni. Mwanga ulikuwa unaingia kupitia migomba, vile vile alivyosema. Makabati ya rangi ya maziwa yaliupokea, jiwe likautuliza, vile vidoa vya kahawia vikaonekana kimoja kimoja, na ukuta mweupe ukanyamaza. Hakuna kitu kilichompigia mwenzake kelele. Lilikuwa jiko zuri kuliko alivyoliota. Ingekuwa baya, labda asingeumia sana.

"Karibu, dada. Ndiye wewe uliyechagua hizi rangi?" Protase akauliza. "Aisee! Watu wanakuja kuchungulia."

"Ndiye mimi."

Akasogea kwenye kaunta. Akaweka mikono juu ya jiwe kama mtu anayetaka kukata kitunguu. Mabega yakampanda masikioni. Akajinyoosha, akajaribu tena. Jiwe lilimfika chini kidogo ya kifua. Alikuwa anaonekana kama mtoto aliyesimama kwenye kaunta ya duka anaomba pipi.

"Mbona umeiinua hivi?"

"Hapana, dada, hiyo ni kipimo. Kaunta tunaipima kwenye kiwiko cha anayepika, tunashuka kidogo. Ukimpimia kwa kubahatisha, mgongo wote unamwisha." Akaonyesha ukutani, pembeni mwa dirisha, mahali ambapo rangi ilikuwa haijapakwa. Palikuwa na alama ya penseli. "Alisimama hapo nikampima mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Protase akamtazama. Akatazama gauni lake la kanisani. Akatazama mikono yake iliyokuwa bado juu ya jiwe, na kitambaa chake cha kufutia kikasimama.

"Mimi fundi tu, dada yangu," akasema taratibu.

Kokugonza akaenda pale ukutani. Akakunja mkono, akaweka kiwiko chake karibu na ile alama. Ilikuwa juu yake, imempita kwa upana wa kiganja. Mwanamke mrefu. Mwanamke aliyekuja, akasimama hapa, akakunja mkono wake, akacheka labda.

"Koku."

Gozbert alikuwa amesimama kwenye mlango wa kuingilia ndani, amevaa soksi bila viatu, kama mtu aliye kwao. Jana yake tu alimwambia kwenye simu kwamba yuko Mwanza na mvua imechafua barabara ya bandarini.

"Mwanza mvua imekatika?" Kokugonza akauliza.

Protase akaokota ndoo yake. "Ngoja nikachanganye saruji," akasema, na jiko lilikuwa limebakiza rangi tu, halina pa kuwekwa saruji. Akatoka.

"Tukae tuongee," Gozbert akasema.

"Viti havipo. Ni nani?"

"Koku, nisikilize kwanza."

"Nakusikiliza. Ni nani?"

Akashusha macho. "Hellen."

"Hellen wa wapi?"

"Muleba mjini. Binti wa mwalimu wa kwaya wa kanisa letu. Mama ndiye aliyemchagua, na wajomba. Mimi sikuchagua."

"Wewe hujawahi kuchagua kitu, Gozbert. Hata jiwe nimekuchagulia mimi."

"Walisema nyumba hii ni ya Walutheri tangu kwa babu. Walisema watoto watagombaniwa, huku misa, huku ibada. Nilijaribu, Koku. Nilitaja jina lako mara moja, mama akalala hajala."

"Mara moja."

"Ningefanyaje?"

"Rozari ilikuwa shingoni kwangu siku ulipoleta suruali. Ukaishika ukasema ni nzuri. Siku ile ulikuwa Mlutheri au ulikuwa nani?"

Nje ilisikika sauti ya mguu wa Ma Alistidia ukigeuza kahawa, shaa, shaa, shaa.

"Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia," Gozbert akasema.

"Ukaitafutia madukani. Ukanituma na mimi nikutafutie."

"Siyo hivyo!" Akasogea, akasimama karibu naye, na macho yake yakawa yale yale ya zamani, yasiyokuwa na haraka. "Nilitaka kitu chako kiwe humu ndani. Niliposhindwa kukuleta wewe, nikasema basi liwepo jicho lako. Kila asubuhi nikiingia hapa, nikiliona jiwe hili, nitajua Koku wangu aliligusa. Nakupenda. Mungu ananiona."

Hapo, binti unayesoma, ndipo pabaya. Maana maneno yale yalikuwa matamu, na yalikuwa ya kweli. Kokugonza aliyasikia yakiingia mwilini kama chai ya tangawizi wakati wa baridi. Kichwa chake kilitaka kulala kwenye kile kifua, dakika chache tu, halafu mengine yafuate. Wengi wetu tumewahi kulala hapo.

"Na mimi?" akauliza. "Wewe utaliona jiwe. Mimi kila asubuhi nitaona nini?"

Gozbert akaanza kufuta jiwe kwa kiganja, na halikuwa na vumbi.

"Hellen akimwaga mafuta hapa, akalifuta jiwe langu kwa mkono wake, wewe utakuwa umekaa humu na nani? Na yeye? Yeye anajua nani kamchagulia?"

"Anajua... nilimwambia ni fundi wa mapazia."

"Basi sote wawili umetudanganya kwa neno moja."

Alimtazama. Alikuwa anangoja kitu kimoja tu, na angekipata angesamehe vyote. Alingoja aseme, twende kwa mama sasa hivi, nikakutambulishe. Uani hapo tu, hatua chache. Gozbert alitazama mlango wa uani. Kokugonza akaona macho yake yakienda mpaka pale, yakasikiliza ule mguu kwenye kahawa, yakarudi. Gozbert akanyamaza kama ule ukuta mweupe alioutaka Koku mwenyewe.

"Nikupeleke stendi," mwishowe akasema. "Kuna ukungu."

"Ukungu nilikuja nao."

Uani, Ma Alistidia aliinua kichwa. "Umeshapima, binti?"

Kokugonza akapiga magoti tena kuaga. Yule mama hakuwa na kosa naye. "Nimeshapima, Ma. Lakini mapazia mtafute fundi mwingine. Mimi hayatanitoka vizuri."

"Loo! Na wanavyokusifia hivyo?"

"Ndiyo, Ma. Wananisifia."

Akashuka njia ya migomba, gauni la kanisani limelowa pindoni. Hakulia njiani. Alilia alipofika chumbani Bilele, alipoona ile sahani moja.

Mama yake alipiga simu jioni hiyo, sijui nani alimnong'oneza. Kina mama tuna mahali tunasikia.

"Koku."

"Mama, mwambie baba asipake tena ile chokaa."

Mama akauliza, "Umekula?"

"Nitakula."

"Sikuulizi utakula lini. Nakuuliza umekula?"

"Sijala, Mama."

"Kesho panda uje. Ndizi zipo. Hatutakuuliza kitu."

Alipokata simu chumba kikawa kimya kuliko kabla haijaita. Akakitoa kile kipande cha jiwe dirishani. Hakukitupa. Lilikuwa jiwe zuri, halikumkosea. Asubuhi, kabla hajafunga safari ya Rubafu, alikilaza juu ya kitambaa cha mteja mmoja kisitembee wakati wa kukata, mkasi ukapita pembeni yake, mstari ukatoka umenyooka.

Nimeandika haya kwa sababu mabinti wapo, na majiko yanajengwa kila siku. Basi, binti, mambo ya kuepuka ni haya:

Usichague rangi ya nyumba ambayo hujawahi kukanyaga sakafu yake.

Usichanganye maua ya jiwe na maua ya ukuta. Hili ni la jiko tu, lakini ni kweli.

Usikubali picha za simu badala ya kupelekwa.

Usimwite mtu mchumba kama hajawahi kukalia kiti cha sebuleni kwa baba yako.

Usipuuze maneno ya msibani. Usiyaamini yote pia. Nenda ukaone.

Usikubali kutambulishwa kwa kazi yako mahali ulipotaka kutambulishwa kwa jina lako.

Usimsikilize mwanaume anayesema nakupenda huku anaangalia mlango aliko mama yake.

Usimchukie yule mrefu. Naye alipimwa tu.

Na usiogope kurudi nyumbani mikono mitupu. Jiko la mama yako ni la mafiga matatu, unapika umechutama, na halijawahi kumpima mtu.